Tusisingizie Choo cha Hosteli: Kwa Nini Fangasi Inarudi

Kuna duka la dawa karibu na geti la chuo ambako muuzaji alinizoea mpaka sikuhitaji kumaliza sentensi. Nilikuwa nasubiri wateja wa kiume watoke, nasogea kaunta, nasema kwa sauti ya chini, "Dada, naomba ile..." Yeye anageukia rafu, anatoa paketi ya vidonge vya kuweka ukeni, anaiviringisha kwenye gazeti na kunikabidhi. Katika mwaka wangu wa pili wa masomo nilikwenda pale mara 6 kwa ajili ya fangasi. Mara 3 kati ya hizo nilitoka pia na dawa ya UTI.

Najua sikuwa peke yangu. Chumba chetu ni cha watu wanne, tulikuwa sita kwa sababu ya kubebana, na kati ya sita, wanne tulikuwa na dozi ya fangasi imefichwa chini ya godoro. Sote tulikuwa na maelezo yaleyale: choo. Vyoo vya bloku yetu ni vibaya, hilo halina ubishi. Maji yanakatika, mlango haufungi, na ukiingia asubuhi unashika pumzi. Kwa hiyo kila mmoja wetu akianza kuwashwa, jibu lilikuwa tayari. "Si unaona choo chenyewe?"

Nilikuja kugundua kwamba choo kilikuwa kinasingiziwa. Niligundua kwa gharama: karatasi moja ya UE niliyoiacha nusu kwa sababu sikuweza kukaa kwenye kiti, sapu iliyotokana na hiyo karatasi, na uhusiano uliokaribia kuvunjika. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla ya dozi ya pili, achilia mbali ya sita.

Fangasi inatoka wapi

Fangasi tunayoizungumzia hapa ina jina lake: kandida. Iko ya aina nyingi, na inayosumbua wanawake wengi zaidi inaitwa Candida albicans. Ni kiumbe kidogo sana cha jamii moja na hamira ya kuumulia maandazi. Haingoji uchuchumae chooni ndipo ikurukie. Inaishi kwenye utumbo, mdomoni na kwenye ngozi za watu wazima kabisa wenye afya. Ukiwapima wanawake 100 ambao hawana dalili yoyote, kati ya 10 na 20 utawakuta nayo ukeni, imetulia tu.

Kwa hiyo swali zuri si "nimeitoa wapi?" Swali ni "kwa nini hii niliyokuwa nayo siku zote imeamua kuzidi?"

Uke una walinzi wake. Ni bakteria wazuri wanaoitwa laktobasila. Wanakula sukari iliyomo kwenye kuta za uke na kutengeneza asidi ya laktiki, asidi ileile inayofanya maziwa mgando yachachuke. Asidi hiyo huzuia wadudu wengi wabaya wasizaliane, na laktobasila wenyewe huchukua nafasi na chakula ambavyo kandida ingevitaka. Kukiwa na uwiano, kandida inakaa kimya. Uwiano ukivurugika, inaongezeka, inaingia kwenye ngozi laini ya uke, na ngozi inavimba. Hapo ndipo unapata muwasho, wekundu, kuungua, na ute mzito mweupe unaofanana na maziwa yaliyoganda, mara nyingi bila harufu kali.

Mambo yanayovuruga uwiano huo yanajulikana. La kwanza ni antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kwa sababu hazichagui: zinaua na wale walinzi. La pili ni kuongezeka kwa homoni ya estrojeni, ndiyo maana wajawazito wanasumbuliwa sana, na wengine huona dalili zinakuja siku chache kabla ya hedhi. La tatu ni kisukari kisichodhibitiwa. La nne ni kinga ya mwili kushuka, ikiwemo kwa VVU visivyotibiwa au kwa matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi.

Choo hakimo kwenye orodha hiyo. Na kumbuka vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Hakuna sehemu ya mwili inayogusa kitu isipokuwa miguu. Tuendelee kudai visafishwe, maana choo kichafu kinaleta kuhara na magonjwa mengine, na ni haki yetu. Lakini tukiking'ang'ania kwa habari ya fangasi, tunaacha kuangalia pale penye tatizo lenyewe.

Neno "uchafu" limetuponza

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku mwanamke mwenye majimaji ukeni anasemwa "anatokwa na uchafu." Mwenye fangasi, uchafu. Mwenye ute wa kawaida wa katikati ya mwezi, naye uchafu. Ukishaambiwa una uchafu, akili inakutuma wapi? Kwenye kuosha.

Mimi nilioshwa akili tangu nilipovunja ungo. Shangazi yangu, ambaye nampenda na alikuwa ananitakia mema, alinifundisha kuingiza kidole na kuzungusha mpaka kirudi kikiwa safi. Baadaye, kwenye kitchen party ya binamu yangu, niliongezewa mengine: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, shabu ili pawe pakavu na pabane, maji ya mwarobaini. Nilipoanza kuwashwa nikaongeza bidii. Asubuhi naosha ndani, jioni naosha ndani, na sabuni yenye manukato juu yake.

Uke haufanani na sufuria. Unajisafisha wenyewe, na ule ute unaotoka kila siku ndiyo kazi hiyo ya usafi inavyoonekana. Ute wa kawaida unaweza kuwa mweupe au kama yai bichi, unaongezeka na kupungua kufuata mzunguko wa hedhi, na hauwashi. Ukiosha ndani unaondoa walinzi pamoja na asidi yao. Sabuni na shabu vinakausha na kuchubua ngozi, halafu ngozi iliyochubuka inawasha, na wewe unadhani fangasi imerudi.

Vivyo hivyo kitunguu saumu. Wapo waliokiweka. Nilimwona mwenzetu mmoja akilia usiku kwa sababu kilimbabua. Mtindi nao: kula kadiri unavyopenda, ni chakula kizuri, lakini kuupaka ukeni si tiba iliyothibitishwa, na mitindi mingi ya dukani ina sukari ndani yake.

Mzunguko wa fangasi na UTI

Hapa ndipo nilipokwama mimi, na nadhani ndipo wengi wetu tunapokwama.

Ngozi ya nje ya uke ikiwa imevimba kwa sababu ya fangasi, mkojo ukiipitia inaungua. Wewe unachohisi ni "nikikojoa naungua." Unakwenda kwenye zahanati fulani, unasema hivyohivyo, unaambiwa toa mkojo. Unatoa ule wa mwanzo bila kujisafisha kwanza, na ute wa ukeni unachanganyika na mkojo. Ute wa sehemu iliyovimba unaweza kuwa na chembe nyeupe za damu, na chembe hizo zikionekana kwenye kipimo, unaambiwa una UTI. Unapewa antibayotiki za siku 5 au 7.

Antibayotiki zinaua laktobasila. Fangasi haziiui hata kidogo, kwa kuwa fangasi si bakteria. Baada ya wiki moja au mbili kandida imepata uwanja mpana zaidi, muwasho unaongezeka, mkojo unaunguza zaidi. Unarudi. Sasa unaambiwa ni "UTI sugu," unapewa antibayotiki yenye nguvu zaidi, pengine ya sindano. Na mzunguko unaanza upya.

Sisemi UTI haipo. Ipo, na wanawake tunaipata kuliko wanaume kwa sababu njia yetu ya mkojo ni fupi. Lakini ina dalili zake. UTI ya kibofu kwa kawaida inakufanya ukimbilie chooni kila mara, mkojo unatoka kidogo kidogo, maumivu unayasikia ndani, chini ya kitovu. Muwasho wa nje na ute mzito si dalili zake. Ukiungua pale mkojo unapogusa ngozi ya nje, huku unawashwa, sema hivyo kwa maneno hayohayo. Na ukiambiwa utoe mkojo, jisafishe kwanza kwa maji, uache wa mwanzo upite, ukinge wa katikati. Kama tatizo linajirudia, omba mkojo uoteshwe maabara, ili ijulikane kama kweli kuna bakteria na ni dawa gani inamuua.

Kwa upande wangu, mkojo ulipooteshwa hatimaye, hakuna kilichoota. Nilikuwa nimemeza dozi 3 za antibayotiki katika mwaka mmoja kwa ugonjwa ambao huenda sikuwahi kuwa nao.

Si kila muwasho ni fangasi

Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusu wanawake 95 walionunua wenyewe dawa za fangasi dukani, kama tunavyofanya sisi. Walipopimwa, ni kama theluthi moja tu waliokuwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na tatizo la bakteria, wengine mchanganyiko wa mambo mawili, na wengine hawakuwa na maambukizi yoyote. Na hawa walikuwa watu wazima waliojiamini kwamba wanaujua mwili wao.

Vitu vinavyofananishwa na fangasi ni hivi. Kuna kuzidi kwa bakteria wengine ukeni baada ya laktobasila kupungua: ute unakuwa mwepesi, wa rangi ya kijivu, na harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Dawa ya fangasi haiugusi ugonjwa huu. Kuna trikomona, ambayo ni ya zinaa: ute wa kijani au njano, wakati mwingine wenye povu, na muwasho mkali. Huu ni lazima mtibiwe wote wawili. Kuna malengelenge ya sehemu za siri, yanayoanza kwa muwasho na kuishia kwenye vidonda vidogo vinavyouma. Na kuna mzio tu wa ngozi, unaotokana na sabuni, pedi zenye manukato, au dawa yenyewe unayojipaka.

Halafu kuna klamidia na kisonono, ambavyo mara nyingi kwa mwanamke havionyeshi dalili yoyote, au vinaonyesha ute kidogo tu. Hivi ndivyo vinavyonitisha mimi. Vikiachwa vinaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, vikaiharibu, na mtu akaja kujua miaka mingi baadaye anapotafuta mtoto. Msichana anayejitibu fangasi kila mwezi bila kupimwa anaweza kuwa amekalia ugonjwa wa aina hiyo, na kila dozi ya elfu tano inamfariji kwamba anashughulikia.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Daktari au nesi anatazama, anachukua ute kidogo kwa kijiti chenye pamba. Anaweza kugusisha ute huo kwenye karatasi ya kupimia asidi: fangasi kwa kawaida haibadilishi asidi ya uke, ila yale matatizo ya bakteria na trikomona huipunguza. Kisha ute unatazamwa kwa hadubini, ambapo kandida huonekana kama vijiti vyenye vichipukizi. Kazi yote hiyo haichukui hata muda wa kipindi kimoja. Ikiwa tatizo linajirudia, ute unaoteshwa ili ijulikane ni kandida ya aina gani, kwa sababu ziko aina, kama ile inayojulikana kama Candida glabrata, ambazo mara nyingi hazisikii vizuri dawa tulizozizoea.

Jambo la kukumbuka: usijiwekee dawa wala kujiosha ndani siku chache kabla ya kwenda kupimwa. Mara ya kwanza nilirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo.

Ikiwa ni fangasi kweli, na inarudi

Wanawake kama 3 kati ya 4 watapata fangasi ya ukeni walau mara moja maishani. Ya mara moja inatibika kirahisi: klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa usiku mmoja hadi 7 kutegemea nguvu ya kidonge, au kidonge kimoja cha kumeza cha flukonazoli cha miligramu 150. Wengi wanapona, mradi wamalize dozi. Wengi wetu hatumalizi. Muwasho ukitulia usiku wa pili, vidonge vilivyobaki tunavitunza "kwa ajili ya siku nyingine," au tunamgawia wa kitanda cha juu.

Kuna na hizi krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi katika tyubu moja. Wengine tunazo tayari kwa ajili ya uso, jambo ambalo nalo lina madhara yake. Steroidi inatuliza muwasho haraka sana, ndiyo maana tunazipenda. Lakini inatuliza kwa kupunguza kinga ya sehemu ile, huku ile antibayotiki ikiwasumbua bakteria walinzi. Unapata nafuu siku tatu, kisha unalipa wiki tatu.

Sasa, madaktari wanahesabu kuwa fangasi ni ya kujirudia pale unapopata dalili mara 3 au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Wanaofikia hapo ni wachache, chini ya 1 kati ya 10. Kwa hao, dozi moja moja ya kuzima moto haitoshi. Matibabu yanayopendekezwa yana sehemu mbili. Kwanza, kuisafisha fangasi ipasavyo, mfano vidonge 3 vya flukonazoli, kimoja kila baada ya siku 3, au dawa ya kuweka kwa wiki moja hadi mbili. Pili, kuizuia isirudi: kidonge kimoja kwa wiki, kwa miezi 6.

Miezi 6! Niliposikia nilidhani dokta ananitania. Lakini mpango huo ulipimwa. Jack Sobel na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2004 katika jarida la New England Journal of Medicine, utafiti wa wanawake 387. Baada ya miezi 6, zaidi ya 90% ya waliokuwa wakimeza kidonge kila wiki hawakuwa wamepata tena dalili, wakati kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ni kama 36% tu. Habari isiyofurahisha ni kwamba miezi 6 baada ya kuacha dawa, waliobaki salama walikuwa kama 43%, kwa 22% ya wale wengine. Yaani dawa inakupa mapumziko marefu, na kwa wengi inarudi. Ndiyo maana dawa bila kutafuta chanzo ni nusu ya kazi.

Na tafadhali, usisome hapa ukaenda kununua vidonge vya miezi 6. Mjamzito hapaswi kujimezea flukonazoli. Mwenye tatizo la ini, au anayetumia dawa nyingine za kila siku, lazima daktari ajue. Na kama kandida yako ni ya ile aina isiyosikia, utakuwa unameza bure.

Siku nilipokwenda kwa daktari, nilimkuta mama wa makamo, hana haraka. "Shikamoo, dokta." "Marahaba, binti. Karibu ukae." Aliniuliza maswali ambayo hakuna muuzaji wa dawa aliyewahi kuniuliza. Mara ngapi tangu mwaka uanze? Kabla ya kila mara ulikuwa umemeza dawa gani? Unaosha na nini? Nilipokuwa najibu, nilianza kuuona mzunguko mwenyewe kabla hajanichorea. Akapima ute, akaotesha, akapima sukari, akanishauri nipime VVU. Niliogopa hicho cha mwisho, sitaficha. Alinieleza kwamba wengi wenye fangasi ya kujirudia hawana VVU, lakini kipimo ni cha kawaida kwa mtu yeyote na ni bora kujua. Sukari ilikuwa sawa, VVU sina, kandida ilionekana waziwazi. "Antibayotiki na hiyo shabu," alisema, "ndiyo mbolea yako."

Na wenzetu wa kiume

Aliyekuwa mpenzi wangu wakati huo, na bado tupo, aliniambia siku moja, "Wewe kila mwezi unaumwa sehemu ileile, kuna mtu mwingine." Mimi nami kichwani nilikuwa nimeshamshtaki yeye. Tulikaa wiki mbili hatusalimiani vizuri.

Fangasi ya ukeni haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Inampata hata msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume. Kuwa nayo si ushahidi wa usaliti wa mtu yeyote. Mwenzi wa kiume kwa kawaida hahitaji kutibiwa, isipokuwa kama naye ana dalili: wekundu na muwasho kwenye kichwa cha uume. Trikomona, klamidia na kisonono ni habari nyingine. Hapo wote wawili mnatibiwa. Mnaona basi kwa nini kipimo kinaokoa hata mahusiano. Bila kipimo mnagombana juu ya kitu msichokijua jina.

Jambo moja la ziada: dawa nyingi za kuweka na krimu za fangasi zina mafuta yanayodhoofisha kondomu. Siku za dozi, pumzikeni.

Ya kufanya hapa hapa hosteli

Osha sehemu ya nje tu, kwa maji. Ukitaka sabuni, iwe isiyo na manukato, na iishie nje. Ndani hapaguswi, hata kama shangazi alisema.

Usimeze antibayotiki bila kipimo, wala usimalizie za mwenzako. Ukiandikiwa kwa sababu ya kweli, mwambie daktari kwamba ukizimeza huwa unapata fangasi.

Chupi za pamba, zisizobana, na usikae na nguo mbichi baada ya mazoezi au mvua. Na tuache kuanika chupi chini ya taulo, nyuma ya mlango, kwa sababu ya aibu. Zianike juani zikauke kabisa. Haya yanapunguza unyevu na muwasho. Hayatibu fangasi iliyokwisha kuanza, na hayatoshi peke yake.

Pedi badilisha mara kwa mara, na uchague zisizo na manukato.

Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango na unahisi fangasi ilianza baada ya hapo, usiviache kimyakimya. Zungumza na mtoa huduma, kuna njia nyingine.

Usingoje duka la dawa, nenda moja kwa moja kituo cha afya, ikiwa ni mara yako ya kwanza kabisa, ikiwa una mimba, una homa au maumivu chini ya tumbo, vidonda, damu isiyo ya hedhi, au harufu mbaya. Nenda pia ikiwa umeshatumia dozi kamili na hujapona, au ikiwa hii ni mara ya 3 ndani ya mwaka.

Ukifika, sema hivi

Kinachotukimbiza vituo vya afya ni aibu zaidi ya fedha. Unamkuta daktari kijana, pengine ulimwona kafeteria jana, unasema "tumbo linauma" ili utoke haraka. Kwa hiyo nimeandika maneno ninayotumia mimi, uyasome hata kwenye simu: "Nina muwasho na ute ukeni. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Nimeshatumia dawa fulani na fulani. Sijawahi kupimwa ute. Naomba nipimwe ute kabla ya kuandikiwa dawa." Kama unaungua ukikojoa, sema unaungua ndani au nje. Una haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamke, na una haki ya mlango kufungwa.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja. Kila mwaka mnatuletea wiki ya michezo na usiku wa mitindo, tunashukuru. Mwaka huu muongee na zahanati ya chuo itenge walau mchana mmoja kwa wiki kwa ajili ya afya ya wanawake, na hadubini na mtu wa kuitumia wawepo siku hiyo. Wasichana wa bloku moja tu wangejaza foleni.

Nilimaliza miezi yangu 6 Machi iliyopita. Tangu hapo fangasi imenirudia mara moja, baada ya antibayotiki za jino, na safari hii nilikwenda kupimwa siku ya pili yake. Dada wa duka la dawa aliniuliza juzi nimepotelea wapi. Nilikuwa nimekwenda kununua panado.